Nililipia Laini Moja, Wakanipa Mbili

Kama gazeti la wiki jana ulifungia sabuni kabla hujalisoma, usijali. Nakupa kwa ufupi.

Mimi ni fundi mapazia. Napima madirisha ya watu, nashona, napanda ngazi, natundika. Wateja wangu wengi ni akina mama, na kwenye simu nawaandika kwa madirisha yao, maana jina la mtu nasahau lakini dirisha sisahau. Mke wangu akapekua simu yangu, akamkuta "Dirisha Kubwa", akamkuta "Chumbani Zambarau", akamkuta na "Mlango wa Kioo". Halafu akagundua kwamba simu yenyewe ina laini mbili.

Ile ya pili ilikuwa ya vifurushi vya bei nafuu tu. Niliapa. Niliapa peke yangu, hakuna aliyenisaidia.

Ukoo wake ukakaa kikao. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, mtu ambaye ni mwenyekiti wa kila kitu chenye viti, akatoa hukumu: niuze simu ya laini mbili, ninunue ya laini moja. Nikikutwa tena na laini ya pili, mke anarudi kwao na habari imekwisha.

Nikaitafuta simu ya laini moja mji mzima. Kumbe hizo huagizwa, na bei yake iko juu kuliko za laini mbili. Muuza duka alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Umekosa nini, kaka?"

Tukaishi kwa amani, mpaka tundu la chaji lilipoanza kusumbua. Nikaenda kwa fundi, mke wangu kando yangu. Fundi akaifungua simu, akainama, akapaza sauti ili mtaa mzima ufaidi: "Bosi, mbona hii ina laini mbili?"

Hapo ndipo nilipowaacha, na hapo ndipo mke wangu alipoweka mkoba wake chini.

"Rudia," akamwambia fundi.

Fundi huyu watu wanamwita Daktari. Kwenye kibanda chake ameandika "Hospitali ya Simu", na simu zilizomshinda amezipanga kwenye kisanduku chenye maandishi "Mahututi". Mtu wa namna hiyo ukimwambia arudie, atarudia na nyongeza.

"Ina laini mbili, dada. Njoo uone. Hii hapa sehemu ya laini ya kwanza. Hii hapa ya pili, kila kitu kipo, vyuma vyake vinang'aa kabisa. Wameiziba kwa kiplastiki tu."

"Nani kaiziba?" nikauliza.

"Kiwanda."

"Kwa nini kiwanda kitengeneze kitu halafu kikizibe?"

"Kutengeneza simu za aina mbili ni gharama, bosi. Wanatengeneza ya aina moja. Wale wanaotaka laini moja, wanazibiwa ya pili na programu inaamriwa isiseme kitu."

"Kwa hiyo mimi nimelipa zaidi ili wanizibie?"

"Ndiyo. Umelipia kiplastiki."

Sasa nakiri jambo, na ninalikiri kwenu kwa sababu nyinyi hamna sanduku la kufungasha. Nilipoambiwa simu yangu ina laini ya pili, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni hakikuwa hofu. Nilifurahi. Niliviwaza vifurushi. Na furaha ikatoka nje bila kubisha hodi.

"Umecheka," mke wangu akasema.

"Sijacheka."

"Meno nimeyaona mimi."

"Mke wangu, ni uso tu."

"Ulijua! Ulijua tangu dukani! Ndiyo maana ulikubali haraka hukumu ya Baba Mkubwa. Nilishangaa mimi, mwanamume gani anahukumiwa halafu anasema asante!"

Akamgeukia fundi. "Daktari, funga kibanda. Unakuja kutoa ushahidi."

"Na wagonjwa wangu?"

"Hao wameshakufa. Twende."

Alasiri ile ile tulikuwa sebuleni kwa mama mkwe. Makochi yalikuwa yamejaa, na mimi nikawekewa kiti cha plastiki katikati ya zulia, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Mlangoni palikuwa na sanduku la mke wangu. Alilipitia nyumbani kwanza, akalifungasha mbele yangu, na lilifungwa vizuri mno kwa mtu mwenye hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Mke wangu akikasirika kidogo, hujaza nguo bila kuzikunja.

Baba Mkubwa alikaa kochi la mtu mmoja. Kando yake, Mama Mkubwa, mkewe, mama mpole ambaye katika vikao vyote viwili sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "salama". Mama mkwe alikaa karibu na mlango wa jikoni, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliegemea ukuta akiniangalia kama mtu aliyeshawahi kunionya.

"Tumekutana," Baba Mkubwa akaanza, akakohoa ili kukohoa kwenyewe kuingie kwenye kumbukumbu. "Hoja si kwamba tundu la pili lipo. Kwamba lipo, mtaalamu ameona. Hoja ni je, linafanya kazi? Kama linafanya kazi, mkwe wetu alikuwa akilitumia. Kama ni bovu, basi amedanganywa na kiwanda kama tulivyodanganywa sisi, na mtoto wetu hana sababu ya kuondoka. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Na mimi, msomaji wangu, niliyelipia simu kwa jasho la ngazi, nilikaa pale naomba kimoyomoyo iwe mbovu. Nilimtazama mke wangu, akatazama sanduku.

Daktari akaweka vifaa vyake kwenye meza ya kioo. Akatoa kile kitrei cha laini chenye kiplastiki, akaweka kingine kutoka simu iliyokufa ya aina ile ile. Akachomeka simu kwenye kompyuta yake, akabofya, akabofya tena.

"Nimeifungua," akasema. "Sasa naomba laini moja ya kujaribia. Yeyote."

Sebule ikapoa.

Nimefunga mapazia kwenye nyumba za misiba, lakini ukimya wa namna ile sijausikia. Mama mkwe akasema yake ina namba za kikundi chao cha akina mama, akiitoa zitapotea. Shemeji akasema yake imeganda kwenye simu, haitoki. Daktari akamwambia ana pini ya kutolea. Shemeji akasema hata pini itaganda.

"Nyinyi!" Baba Mkubwa akaguna. "Mnaogopa nini? Mimi simu yangu hata leo mtu aichukue, aipekue mwanzo mpaka mwisho, nitalala usingizi."

Macho yote yakamwendea. Hapo akagundua alichokisema.

Ilibidi atoe. Simu ya Baba Mkubwa ina laini mbili, na hilo halikuwa siri: moja ya familia, moja ya kazi. Yule aliyenihukumu niishi na laini moja alikuwa na mbili, lakini wazee wana ruhusa zao. Akazima simu, akachukua pini ya Daktari, akachokoa. Miwani alikuwa ameisahau nyumbani, kwa hiyo aliisogeza trei mbali na uso, akairudisha karibu, akazigeuza zile kadi mbili zinazofanana kama mapacha.

"Hii hapa ya familia," akasema, akampa Daktari kadi moja. Simu yake akaiacha mezani, imezimwa.

Daktari akaitia kadi kwenye simu yangu, chini ya laini yangu mimi. Akaiwasha. Sote tukainamia kioo.

Alama ya mtandao ikatokea moja. Tukasubiri ya pili. Haikuja.

"Ila wazee," Daktari akaanza, "skrini yenyewe bado..."

"Mtaalamu ajibu anachoulizwa," Baba Mkubwa akamkata. "Alama ngapi?"

"Moja, lakini..."

"Moja. Kijana, ipigie namba yangu ya familia tuhakikishe."

Shemeji akapiga, akaweka sauti kubwa. Yule mama wa kwenye mtandao, ambaye hajui kwamba siku ile alikuwa shahidi, akasema kwa upole kwamba namba unayopiga haipatikani.

"Bovu!" Baba Mkubwa akapiga goti lake. "Tundu ni bovu. Mkwe wetu ni mtu safi."

Nikainuka kwenye kile kiti cha plastiki na kikainuka nami, kimenasa. Hata sikujali. Mama mkwe akacheka. Shemeji akanipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mke wangu akaja, akaning'olea kiti, akaniwekea kiganja mgongoni, akasema taratibu, "Nisamehe, mume wangu." Nilitaka kulia. Mtu akikuomba msamaha mbele ya kwao ni kitu kizito, hasa baada ya kukufungashia.

"Daktari, mrudishie mwenyewe simu yake," akasema, huku akiipokea yeye.

Ikalia akiwa ameishika. Mlio mfupi, wa ujumbe.

Akausoma. Nikaona kiganja kinaondoka mgongoni.

"Soma kwa sauti, mwanangu," mama mkwe akasema. "Si tumeshasafishana?"

Mke wangu akasoma kwa sauti. "Mpenzi, mbona leo kimya hivyo? Shati lako nimeshalipasi, njoo ulichukue mwenyewe. Usinitie upweke."

Hakuna jina. Namba tupu, isiyoandikwa hata kwa dirisha.

"Si yangu," nikasema.

"Laini inayofanya kazi humu ni ngapi?" mke wangu akauliza.

"Mke wangu..."

"Ngapi? Tumehakikisha sasa hivi, wote, kwa macho yetu! Moja! Ya nani?"

Ya kwangu. Jamani, ya kwangu! Nilikuwa nimeomba lile tundu liwe bovu, na sasa ubovu wake ndio ulionifunga.

"Ndiyo maana ulisema shati lako la kijani limeibwa kambani," akaendelea, na sauti ikaanza kumpasuka. "Nikamtukana jirani kwa ajili yako. Nimemtukana mama wa watu!"

Nikamgeukia Daktari, lakini Baba Mkubwa alishanitangulia. "Mtaalamu tumemaliza naye. Nitolee kadi yangu. Asante. Apewe nauli."

Daktari alitaka kusema kitu. Nauli ikafika kwanza. Akachomoa kadi, akampa mwenyewe, akabeba kompyuta yake, na shahidi wangu pekee akatokomea barabarani kwenda kuwaona wagonjwa wake.

"Kabla sijatoa hukumu," Baba Mkubwa akasema, "nitaongea na mtuhumiwa faragha. Ndiyo utaratibu."

Haukuwa utaratibu. Lakini alinishika mkono kwa nguvu ambayo mtu wa umri wake hana, akanitoa mpaka ukumbini, kati ya pipa la maji na rundo la viatu. Pale kwenye mwanga wa dirisha dogo nikauona uso wake. Umelowa, kama aliyepanda ngazi zangu zote kwa siku moja.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nimekosea kadi."

"Kadi gani?"

"Nilitaka kutoa ya familia. Nimetoa ile ya kazi."

Nikamtazama. Taratibu mambo yakaanza kujipanga kichwani. Ya familia ilikuwa bado kwenye simu yake iliyozimwa, ndiyo maana haikupatikana. Ya kazi ilikuwa ndani ya simu yangu, hai, inapokea, ila skrini ya kiwanda ilikuwa imefundishwa kuapa kwamba laini ni moja tu, hata ziwe mbili. Hilo ndilo Daktari alilotaka kusema.

"Baba Mkubwa," nikasema, "kazi gani? Si ulistaafu?"

Akachungulia kwanza mlango wa sebule.

"Shati ni lako?"

"Sikiliza, mwanangu. Nina umri huu. Mama Mkubwa wako ana presha. Nimeozesha watoto wa ukoo huu wote, nimepatanisha ndoa za watu, na yako nimeipatanisha mimi. Hili likitoka, kila ndoa niliyoipatanisha itafumuka upya."

"Na yangu mimi? Si inafumuka hapo sebuleni?"

"Beba hili jambo. Kiri kidogo tu. Nami nitakuhukumu kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Onyo kali. Na mkeo nitamwamuru abaki. Nikishasema abaki, atabaki, unajua ananiheshimu. Ukinitaja, nani atakuamini? Skrini imesema moja. Kijana amepiga simu mbele ya watu. Mtaalamu ameondoka."

Nakiri tena, kwani ndilo nililoitiwa kwenye ukurasa huu: nilifikiria kukubali. Nilisimama pale kwenye viatu vya watu nikapiga hesabu ya aibu. Nikisema kweli, mke wangu anaondoka akiwa na hakika kwamba mimi ni mzinzi na tena mwongo anayesingizia wazee. Nikikubali uongo, anabaki. Anabaki na mzinzi, lakini anabaki. Jioni ataniwekea chakula mezani kwa kishindo, baada ya miezi kishindo kitapungua, na siku moja atanisemesha.

Lakini kila nikitaka kusema "sawa", nilikisikia kile kiganja mgongoni. Aliniomba msamaha. Na aliponiomba, nilikuwa safi kweli. Nilitaka anijue hivyo, hata kama ni kwa dakika zile tu.

"Nipe muda nifikiri," nikamwambia.

"Muda huna," akasema mwenyekiti, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akanyoosha mgongo, akarudisha sura yake ya kikao. Nikashangaa jinsi ilivyorudi upesi.

Tukaingia sebuleni.

Nilitarajia kumkuta mke wangu na sanduku mkononi. Alikuwa amekaa juu yake, uso kwenye viganja. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya zulia, mikono kifuani. Hakuna aliyetutazama sisi. Wote walikuwa wanamtazama Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa, yule wa "salama", alikuwa na simu yangu mkono wa kushoto na yake mkono wa kulia. Alikuwa anainakili ile namba kutoka kioo kimoja kwenda kingine, tarakimu moja moja, akiisoma chinichini kwa midomo, bila haraka.

"Mama, acha kujisumbua," Baba Mkubwa akasema. "Jambo limeshaeleweka."

"Nataka nimpigie mwenyewe," Mama Mkubwa akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote nilizowahi kuzisikia. "Mwanamke anayevunja nyumba ya mtoto wetu, lazima nimwambie neno."

Akabonyeza tarakimu ya mwisho.

Nikamwona akisita. Simu yake ilikuwa imelitambua jina kabla hajapiga. Akaisogeza karibu na macho. Akaiweka mapajani, akaichukua tena, akasoma upya, kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine.

Nyuma yangu nikasikia kochi la mtu mmoja likilia. Baba Mkubwa alikuwa amekaa kabla ya kulifikia vizuri.

Mama Mkubwa akainua uso. Hakumtazama mumewe. Hata wazo hilo halikumpitia, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwani alikuwa anamwamini vile nilivyotaka mimi niaminiwe. Alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa machozi.

"Mkwe," akasema, "huyu ni mdogo wangu. Mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea kwa mikono yangu. Wewe umemjulia wapi?"

Mke wangu akainuka kwenye sanduku. Mama mkwe akashika kichwa. Nikafungua mdomo, na sikujua neno litakalotoka litakuwa la nani.

Na kutoka kwenye kochi la mtu mmoja, ikaja ile sauti ninayoifahamu, nzito, ya kikao, haina hata tetemeko moja.

"Jibu, mwanangu. Ukoo unasubiri."